Ng'ombe wa Mahari Asiyehama Kilima

Nimeolewa kwa ng'ombe mmoja, na ng'ombe huyo nimemlipa mwenyewe, kwa maharagi, kwa viazi na kwa sukari ambayo hatukuitia kwenye chai. Nasema hivyo mapema ili mtu asije akanihurumia katikati ya habari. Sikuwa na huzuni. Nilikuwa na hasira kidogo, na hasira yangu ina tabia ya kupenda kucheka.

Kosa lilianzia kwa baba yangu. Sisi ni watu wa Walikale, watu wa msitu. Baba analima muhogo na mpunga, na akipata nafasi anaingia porini kutega wanyama. Kwetu mahari ni mbuzi. Mbuzi wanakuja kwa miguu yao, wanafungwa nyuma ya nyumba, watu wanakula, jambo linaisha. Lakini waliokuja kuniposa walitoka Masisi, na baba alikuwa amesikia kwamba huko mtu anahesabiwa kwa ng'ombe. Hakutaka kudharauliwa. Wageni walipoanza kutaja mbuzi, akakohoa, akasema anataka ng'ombe.

"Wewe ulichungaka ngombe siku gani?" mama akamuuliza mbele ya watu wote.

"Mutoto yangu haiko mutoto ya mbuzi," baba akajibu, na mambo yakaishia hapo.

Mume wangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Hakuwa na ng'ombe. Alichokuwa nacho ni shamba moja kando ya mto, udongo mweusi, aliloachiwa na marehemu baba yake. Alikuwa pia na baba mkubwa, kaka ya baba yake, mwenye ng'ombe wengi juu ya kilima upande wa Kirolirwe. Mzee huyo akakubali kumkopesha ng'ombe mmoja jike kwa bei ya dola mia sita, zilipwe kidogo kidogo katika mavuno manne ya maharagi, yaani miaka miwili. Rehani ilikuwa lile shamba. Kama mavuno ya nne yangeisha na deni bado lina mabaki, shamba lingekuwa la mzee, apande majani ya kulisha mifugo yake. Waliandika karatasi. Aliyeiandika ni mume wangu mwenyewe, kwa ule mwandiko wake mzuri wa ubaoni, kwa sababu mzee alisema macho yake hayaoni vizuri.

Sasa ng'ombe apelekwe Walikale. Hapo ndipo baba yangu alipoanza kufikiri. Kuna matope ya njia, kuna nzi wa msituni, hakuna majani ya kumlisha, na katika kijiji chote hakuna mtu anayejua ng'ombe anashikwa wapi. Mazungumzo yakarudi upya kwa simu. Wakapatana kwamba ng'ombe abaki kwa baba mkubwa wa mume wangu, amchungie baba. Maziwa yawe ya mchungaji. Ndama wawe wa baba. Akizaliwa dume na akiuzwa, pesa zikatwe katikati, nusu ya mchungaji na nusu ya baba. Baba akatumiwa picha ya ng'ombe kwenye simu, na mpaka leo anaionyesha kwa watu njiani kama picha ya mjukuu.

Kwa hiyo ng'ombe wa mahari yangu hakupiga hata hatua moja. Alibaki kwenye kilima kilekile, kwenye kamba ileile. Mzee alikuwa na ng'ombe, alikuwa na maziwa, alikuwa na deni letu, na alikuwa na karatasi ya shamba letu. Nimeona watu wajanja maishani, lakini huyo nilimvulia kitambaa.

Hesabu ya kwanza tuliifanya mezani, mchana wa siku ambayo mshahara wa mume wangu ulifika, maana siyo kila mwezi unafika. Alitoa daftari la shule, akapiga mistari kwa rula, akaandika upande mmoja vitu vyote vinavyokula pesa: chumvi, sabuni, mafuta ya mawese, samaki wadogo wa ndagala, inite za kupigia simu, sadaka, na kasiksi, pombe yake ya ndizi ya siku ya posho, yaani Jumamosi. Mstari wa kwanza kabisa aliandika "Kwenda kwao," yaani safari yangu ya kuwaona wazazi. Alikuwa ameiweka juu kwa upendo. Niliangalia ile bei ya njia, moto, yaani pikipiki, mpaka wapi na gari mpaka wapi, nikachukua kalamu yake nyekundu nikaukata mstari mwenyewe kabla yeye hajalazimika kuukata. Uliniuma. Nilikata haraka kama mtu anayetoa mwiba, halafu, kwa kuwa kalamu bado ilikuwa mkononi mwangu, nikakata na kasiksi.

"Ile ya mwisho ulikata bila kuangalia," mume wangu akasema.

"Niliangalia," nikamwambia.

Aliuangalia mstari huo kama mfiwa mpaka chai ikapoa. Chai yenyewe ilikuwa haina sukari, hesabu ilikuwa imeshaanza kufanya kazi.

Tulitundika makopo matano kwenye boriti ya jikoni, kila moja na kazi yake, na la sita, kubwa kuliko yote, likawa kopo la ng'ombe. Sabuni niliikata kwa uzi vipande sita, kila kipande na siku yake, Jumapili tunaazima usafi wa Jumamosi. Ndagala niliwahesabu kwa vichwa, watatu kwa mtu. Siku moja nilimkuta mwalimu wa watoto wa watu akitafuna wa nne nyuma ya mlango, nikamtoza faini ya kuteka maji siku mbili. Baba yangu nilikuwa namtumia bipe tu, simu ya kukata kabla haijapokelewa: moja maana yake tuko wazima, mbili maana yake panda kilima chenye rezo, mtandao wa simu, unipigie wewe. Kila mwisho wa wiki mume wangu alisahihisha daftari langu kwa kalamu nyekundu na kuniwekea alama. Nilipata kumi na tisa juu ya ishirini. Moja alininyima kwa sababu ya kasiksi, najua.

Lakini daftari lilikuwa na tundu, na tundu hilo lilikuwa na kofia na fimbo. Baba mkubwa alikuwa mjane, na watoto wake wote wanakaa Goma. Kila Jumapili baada ya ibada aliteremka kilima, akapita milango ya ndugu wengine watatu bila kugeuza shingo, akafika kwetu sawasawa na wakati wa kufunua chungu.

"Nilikuya tu kuona batoto," alikuwa anasema. Tulikuwa na mtoto mmoja, msichana, na alikuwa anamwona mara moja kabla ya kukaa mezani.

Mzee wa namna hiyo huwezi kumwekea lengalenga, mchicha mtupu. Ni mkubwa wa ukoo, ni mzee wa kanisa, na ni yeye anayekudai. Kuku alichinjwa, na kama hakuna kuku ilitafutwa nyama. Mume wangu aliandika mstari mpya, "Jumapili," na mstari huo ukawa unakula kuliko sisi watatu. Nikamwambia mzee huyu anakuja kula malipo yake kabla hatujamlipa, na baada ya hapo atatudai tena yaleyale aliyokula. Mume wangu akasema nisiseme hivyo. Yeye ni mtu ambaye akikanyagwa na mkubwa wake anaomba radhi kwa kuweka mguu pale.

Tulijaribu kufunga. Jumapili moja nilizima moto, nikamwambia mzee tumeamua familia nzima kufunga na kuomba kwa ajili ya deni. Akafurahi sana. Akasema ataomba pamoja nasi. Akavua kofia, akaanza na Adamu, akashuka taratibu mpaka kwa mitume, na ilipofika saa kumi za mchana alikuwa bado ana nguvu, sisi tunaona nyota. Nikaenda nyuma ya nyumba nikamkamata kuku. Alikula vizuri kuliko Jumapili zote, maana alikuwa na njaa ya kweli.

Siku hiyo nikiosha sahani ndipo wazo likaniingia. Kule kwao mukamwana, mke wa mtoto wao, anayepanda kwenda kumsalimia mkubwa anasifiwa mpaka kanisani. Na hakuna mwenye ng'ombe ambaye mgeni anaweza kutoka kwake bila kunywa maziwa, hiyo ni aibu ambayo haioshwi. Basi Jumamosi iliyofuata nilibeba fungu dogo la kuni kichwani, mtoto mgongoni, nikamweka mume wangu mbele, tukapanda kilima. Nilimsalimia mzee kwa magoti. Nilifagia uwanja wake wote. Nilifagia polepole sana, mpaka saa sita.

Ilibidi atulishe. Alitoa viazi, akatoa jibini ya duara, akanimiminia mashanza, maziwa yaliyoganda, bakuli zima. Sasa kwetu msituni maziwa ni jambo la mtoto na mama yake, halimhusu mtu mwingine. Nilishika bakuli nikakumbuka shamba la kando ya mto, nikajikaza kisabuni, nikameza. Tumbo lilinguruma njia nzima ya kurudi. Lakini chungu cha nyumbani kilipumzika, makaa yakapumzika, na kwenye daftari mbele ya Jumamosi niliandika sifuri nzuri, ya mviringo.

Tukawa tunapanda kila Jumamosi. Wamama wa kanisa walinisifu kwa heshima yangu. Mzee naye hakuwa na la kusema, maana utamkataza vipi mtu kukuheshimu.

Ile Jumamosi ya kwanza alinionyesha kundi lake akaniuliza, "Mukamwana, ngombe ya baba yako njo gani hapo?"

Niliangalia sura zote zile, zote zimeniangalia sawasawa, nikanyoosha kidole kwa yule aliyenona kuliko wengine. Alikuwa dume. Mzee alicheka mpaka akavua kofia na kujipangusia machozi. Habari ilifika mpaka soko la Sake, kwamba kuna mtoto wa pori ameolewa kwa ng'ombe na hajui upande wa kukamua. Sikujifanya, kweli sikujua. Lakini nilipoona jinsi walivyofurahi, nikaona ni vizuri kuwaachia furaha yao.

Mwaka wa pili ng'ombe wa baba akazaa ndama dume. Mimi bado sura za ng'ombe zilikuwa zinanichanganya, hiyo nakiri. Ila mimi ni mtoto wa mtega wanyama. Kabla sijajua kusoma, baba alikuwa ananitembeza nyuma yake porini, nikifuata mguu wake wa kushoto usio na kidole kidogo, anasimama, ananionyesha ardhi kwa fimbo, na mimi naeleza nani amepita, mkubwa au mdogo, asubuhi au jana, na kama alikuwa na haraka. Nikipatia ananipa kipande cha nyama iliyokaushwa kwa moshi. Nilipatia sana, nilikuwa mtoto mlafi. Kwa hiyo ndama yule sikumjua uso, nilimjua miguu. Kwato yake ya mbele, ya kulia, ilikuwa imefunguka, na ncha moja imepinda nje. Akipita kwenye matope anaacha alama ambayo ningeitambua hata leo.

Jumamosi moja mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Tulipofika kwenye lango la mzee nikaona alama ya kwato ile iliyopinda inatoka nje, pembeni yake alama za bote, viatu virefu vya mpira, mguu wa mtu mzito. Viwili hivyo vilielekea barabarani. Bote zilikuwa zimerudi, na kwato haikurudi. Ndani nilimkuta ndama mwingine amefungwa karibu na ng'ombe wa baba.

"Ndama ya papa iko namna gani?" nikauliza.

"Njo ule," mzee akasema, akanionyesha mnyama mwenye miguu minne isiyo na kasoro hata moja. "Iko nakomea muzuri."

Nikasema kweli amekua, nikanywa mashanza yangu. Kufikia wakati ule nilikuwa nimeshaizoea, hata nilikuwa naomba kuongezewa. Nyumbani nikafungua daftari, nikachora ile kwato pembeni ya hesabu za chumvi. Mume wangu aliuliza ni nini, nikamwambia ni ua. Akaniwekea alama ya vema. Sikumwambia ukweli, kwa sababu angepanda kilima kumwomba mzee msamaha kwa ajili ya macho yangu. Siku ya soko Sake nilipopeleka maharagi, nilizunguka kwa wauza nyama nikinung'unika juu ya bei, na mmoja, ili kuniziba mdomo, akaniambia ndama wa yule mzee wa kilimani peke yake alimgharimu dola mia moja na ishirini. Nikaandika na hiyo, chini ya ua.

Tulibakiza deni la dola mia moja wakati mavuno ya nne yalipokaribia. Barabara ilikuwa imefungwa majuma mawili kwa vita, chumvi ilipanda, tukala maharagi yasiyo na chumvi na kusema ni dawa ya moyo. Tulipouza maharagi ya mavuno hayo, kopo la ng'ombe likawa na dola mia kamili. Nililitikisa asubuhi na jioni kusikia sauti yake. Halafu mtoto akashikwa na kifua. Alipumua kwa mbavu, midomo ikabadilika rangi. Nilivunja kopo kabla mume wangu hajamaliza kuvaa viatu, tukakimbia hospitali. Alilazwa siku sita. Alipoanza tena kulia kwa kutaka uji, nililia naye. Kwenye kopo zilibaki dola sitini, na siku ya karatasi ilikuwa imefika.

Ile asubuhi tulipita kwenye shamba kwanza. Maganda ya maharagi yalikuwa yamekwisha kuvunwa, mashina yamelala, udongo ni uleule mweusi. Mume wangu aliokota bonge moja akalivunja kwa vidole, akalitupa. Hatukuwa na shamba lingine. Mshahara unaokuja ukipenda hauwezi kumlisha mtoto, na kulima kwa kukodi ni kumfanyia mtu mwingine kazi.

Baba mkubwa alihesabu sitini zetu mara mbili, akazipanga juu ya meza.

"Inabakia makumi ine," akasema.

Mume wangu akaomba mwezi mmoja. Akaeleza habari ya hospitali, ambayo mzee alikuwa anaijua, maana alikuja kutuona huko na kibuyu cha maziwa.

"Mutoto kupona, tunamushukuru Mungu. Lakini karatasi inasema nini?" mzee akauliza, akamsogezea. "Soma, wewe njo mwalimu."

Na mume wangu akaisoma. Aliisoma yote, kwa sauti, mwandiko wake mwenyewe, bila kuruka hata nukta. Alipomaliza akaweka mikono juu ya magoti. Nilimhurumia, na nikakasirika, na ile hasira yangu ikaanza kunichekesha tumboni.

Nikapiga magoti.

"Papa mukubwa, naomba ruhusa ya kuuliza kitu moja."

"Uliza, mukamwana."

"Ndama ya baba yangu, muliiuzisha bei gani?"

Mume wangu akanigeukia kama niliyetapika mezani. Mzee akacheka kidogo. "Ndama si iko pale inje? Wewe ulionyeshaka dume, ukasema njo mama. Leo unajua ndama?"

"Njo vile, papa. Sura siyajue. Naangaliaka tu miguu." Nikafungua daftari, nikaliweka mbele yake, kwenye ukurasa wa ua. "Ndama ya baba ilikuwa na kwato ya mbele yenye kufunguka. Ile ya inje iko na miguu yote ine mizuri. Ile yenye kufunguka ilitoka hapa siku ya posho, mu matope, pamoja na bote moya kubwa, ikaenda ku barabara. Bote njo ilirudia."

Sote watatu tukaangalia mlangoni. Bote zake za mpira zilikuwa pale, zimesimama pamoja, zikitusikiliza.

Mzee aliziangalia bote. Akavua kofia, akaiangalia ndani, akaivaa tena.

"Ilikuwa mia moja na makumi mbili," akasema.

"Njo vile ata mu Sake banasema," nikamjibu, kwa heshima zote. "Nusu yenu ni makumi sita. Nusu ya baba ni makumi sita. Mukate makumi ine ya deni, mutupatie makumi mbili."

Alijaribu kusema habari za chumvi aliyomlisha ndama. Mimi nikaanza kusema habari za ndama mwenye miguu minne mizuri. Basi akaona chumvi siyo jambo kubwa. Alihesabu dola ishirini, akaniwekea mkononi, akaichana karatasi vipande viwili na kumpa mume wangu vyote. Halafu akaniangalia, na sijui kama ilikuwa hasira au ilikuwa kitu kingine.

"Nani alikufundisha ile maneno?"

"Mwenye ngombe," nikasema.

Tulipokuwa tunatoka akatuita kutoka mlangoni. Akauliza, bila kututazama, kama siku ya posho bado tutapanda. Niliona nyuma yake meza ndefu yenye viti vinane na bakuli moja, na nikasikia aibu kidogo kwa ajili ya ule mstari wa Jumapili. Nikamwambia tutapanda. Tunapanda mpaka leo, na yeye anateremka. Ila sasa namwekea lengalenga, na anakula.

Lakini bado kulikuwa na jambo. Zile dola arobaini zilikuwa za baba yangu. Nilikuwa nimechukua mali ya baba nikamlipia mume wangu mahari ya kunioa mimi, na mwenye mali hajui. Jumapili nikatuma bipe mbili, nikaenda kusimama karibu na banda la mbuzi ambako rezo inashika, nikasubiri baba apande kilima chake. Nilimweleza yote, deni, mtoto, kwato, bote. Halafu nikasikia anacheka kwa pua, kama anavyocheka mtego ukishika.

"Kumbe nilijilipa mimi mwenyewe," akasema.

"Njo vile, papa. Unisamehe."

"Basi ngojea. Ile kipande yako ya makumi ine, bale bantu ya Masisi habakuilipa. Ingali ya kwangu."

"Njo vile, papa."

"Itakuya siku gani kunisalimia?"

Nilishika nguzo ya banda la mbuzi nikalia, na mbuzi wakaniangalia. Nikamwambia zile ishirini zilizobaki nitamtumia kesho.

"Usitume. Panda nayo moto."

"Haitoshe, papa. Inanifikisha nusu ya njia tu."

"Na mimi miguu yangu inanifikisha nusu," akasema. "Tutakutana pale."

Nilirudi ndani nikafungua daftari ukurasa wa kwanza, kwenye ule mstari niliokuwa nimeukata kwa wekundu, nikauandika upya chini yake. Mume wangu aliuona. Aliuwekea alama, ishirini juu ya ishirini, na tangu siku hiyo kasiksi yake imerudi, kikombe kimoja. Mimi nami nina faida yangu. Asubuhi ya baridi anapoomba nikateke maji, namwambia kinachosikia usingizi ni kile kipande cha dola arobaini, ambacho yeye hana amri nacho.

Tuliondoka baada ya kupanda maharagi mapya shambani kwetu. Mtoto alikuwa mgongoni kwangu, mwenye moto mbele, njia imeharibika vibaya. Mahali fulani kilima kilikuwa kimemwaga matope barabarani, mwenye moto akatuomba tushuke tutembee mpaka ng'ambo. Nikavua viatu. Nilikuwa naangalia chini nisiteleze, na hapo nikaona mguu wa mtu, peku, mguu wa kushoto usio na kidole kidogo. Kidole kile kilichukuliwa na panga kabla mimi sijazaliwa. Maji yalikuwa bado hayajajaa kwenye kisigino, maana yake amepita sasa hivi, na hatua zilikuwa ndefu, za mtu mwenye haraka. Kwenye jiwe alikuwa amesimama kidogo akipumzika, halafu akaendelea upande wetu, akaacha barabara na kuingia kwenye kivuli cha vibanda vya watu wanaouza ndizi.

Nilisimama pale katika matope nikashindwa kusogea. Mwenye moto akafikiri nimechoka. Akaniambia nijikaze, maana hata nusu ya njia bado hatujafika.

Nikamwambia najua.